Plagi za nikeli au za iridiamu kwa gari la zamani?

Una Corolla ya miaka ya 1990? Kabla ya kwenda dukani, fungua plagi (zinazotoa cheche za kuwasha petroli kwenye injini) uzitazame. Ncha ya kahawia hafifu, injini iko sawa. Masizi makavu, petroli ni nyingi mno kwa hewa inayoingia. Ikiwa imelowa oili nyeusi, huenda ringi za pistoni au sili za vali zimechoka.

Plagi yenye ncha ya metali ya iridiamu inaweza kufikisha kilomita 100,000; ya nikeli ni 30,000 hivi. Lakini injini inayokula oili huzichafua zote, na iridiamu ni ghali. Hapo mimi nachukua nikeli bila kusita: unaisafisha, unapima mwanya ambapo cheche huruka, unairudisha. Ncha ya iridiamu ni nyembamba mno, usiiguse kwa brashi ya waya. Injini ikiwa nzima, iridiamu inalipa.