Bwana Msa au Nagona: mtu asiyependa kusoma aanze na ipi?

Hili swali kila siku linarudi. Upande mmoja kuna riwaya za upelelezi za Bwana Msa, jina la mpelelezi wake, mfano Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), upande wa pili riwaya ya Nagona ya Kezilahabi (1990), ambayo ndoto na uhalisia vinachanganyika mpaka hujui uko wapi.

Kwa kukushika mapema, Bwana Msa anashinda bila ubishi, kuna maiti, kuna swali, na Najum, msaidizi wa Bwana Msa, anauliza yaleyale unayotaka kuuliza wewe. Ila ukishamjua muuaji hamu ya kurudia inapungua sana.

Nagona ni kitabu chembamba lakini usidanganyike, ukurasa mmoja unaweza kuurudia mara tatu, unashangaa wanafalsafa kina Socrates wametokea wapi, unakasirika, unakifunga, halafu usiku uko kitandani bado unakiwaza. Hasira ile mi naiheshimu kabisa, ni dalili kitabu kimekugusa.

Kama unasoma kwenye daladala umebanwa, chukua Bwana Msa. Kama una rafiki wa kubishana naye, jaribuni Nagona pamoja, msome kwa sauti.