Hita ya Maji ya Lita 50: Uzoefu Wangu Baada ya Vipupwe Vitatu Dodoma

Hita ninayoielezea hapa ni ya tangi, inayotundikwa ukutani wima, yenye ujazo wa lita 50 na nguvu ya wati 1,500. Inahudumia mabafu mawili na sinki la jikoni katika nyumba yetu ya watu watano. Tangu wiki ya kwanza ilikuwa na tatizo ambalo wengi wanalilalamikia, yaani maji ya moto kuisha wakati mtu wa kwanza bado ana sabuni mwilini. Niliporudi dukani kuuliza, muuzaji alinijibu kwa upole, "Mama, watu watano hawatoshelezwi na lita 50, ongeza hela kidogo uchukue ya lita 80." Sikuongeza hela. Hita ile ile ndiyo tunayoitumia hadi leo na maji yanatutosha, kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu jinsi tulivyofika hapo, maana naamini hita nyingi zinang'olewa ukutani zikiwa nzima.

Kabla ya kukubali kwamba hita ni ndogo, nilitaka kwanza kujua inapaswa kutoa maji kiasi gani. Maji ya nyuzi joto 60 yakichanganywa nusu kwa nusu na maji ya bomba ya nyuzi joto 20 yanakuwa ya nyuzi 40, ambayo ni joto zuri la kuogea. Maana yake ni kwamba lita 50 zilizochemka vizuri zinakupa karibu lita 100 za kuoga, na hata ukiondoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya yale maji ya chini ya tangi yanayopoozwa na baridi inayoingia, bado zinabaki kama lita 80. Shawa yetu hutoa lita 8 kwa dakika, kwa hiyo nilitegemea dakika kumi za maji ya moto mfululizo, zinazotosha watu watatu wasiochelewa. Sisi tulikuwa tunapata dakika tatu au nne, kisha yanakuwa vuguvugu. Hita ya lita 80 yenye kasoro hiyo hiyo ingetupa dakika tano au sita, na tungekuwa tumelipa bei yake yote.

Kipimo kilichonisaidia kuliko vyote ni ndoo ya lita kumi na themomita ya jikoni. Niliiacha hita iwashwe mpaka taa yake ikazima yenyewe, nikafungulia koki ya maji ya moto peke yake, nikajaza ndoo moja baada ya nyingine na kupima kila moja. Ndoo ya kwanza ilisoma nyuzi 53, ya pili 46, ya tatu 41 na ya nne 37. Tangi la wima linalofanya kazi sawasawa haliteremki hivyo. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu, na maji baridi yanayoingia kwa chini huyasukuma kuelekea mdomo wa bomba la kutolea, ambao upo karibu kabisa na dari ya tangi. Kwa hiyo ndoo tatu au nne za mwanzo zinapaswa kuwa na joto linalokaribiana, halafu joto lishuke kwa mara moja. Joto linaloteremka hatua kwa hatua tangu ndoo ya kwanza ni dalili kwamba baridi na moto vinachanganyika ndani ya tangi.

Nilimwita fundi bomba mwingine, tofauti na yule aliyeifunga, nikamwonyesha namba zangu. Hakuanza na hita. Alifunga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye tangi, kisha akaniomba nifungulie maji ya moto jikoni. Maji yalikatika baada ya muda mfupi, naye akaniambia mikisa zetu, yaani koki zinazochanganya maji ya moto na baridi, ni nzima. Kama yangeendelea kutiririka, maana yake ingekuwa kwamba maji baridi yanapenya kwenye njia ya moto kupitia mikisa fulani, jambo linalotokea sana pale mikisa inapoachwa wazi huku maji yamezuiwa mbele, kwenye mpini wa shawa ya mkono. Jirani yangu alifanya jaribio hilo kwake baada ya mimi kumsimulia, na kwake maji hayakukatika. Tatizo lake liliisha kwa kubadilisha mikisa moja, wala hita haikuguswa.

Kisha fundi akainama chini ya hita yetu na kuondoa vile vifuniko vyeupe vya plastiki vinavyoficha matundu ya ukuta. Chini ya kila hita ya aina hii kuna nchabomba mbili. Moja ina duara la bluu, nayo ni ya kuingizia baridi, na nyingine ina duara jekundu, nayo ni ya kutolea moto kupitia lile bomba linalofika juu ya tangi. Valvu ya usalama, ambayo hukaa upande wa baridi, ilikuwa imefungwa kwenye nyekundu. Wajenzi wa nyumba walikuwa wamepishanisha matundu ukutani, na aliyefunga hita aliunganisha kila hozi na tundu lililo mbele yake bila kuangalia rangi. "Mama, baridi inaingilia juu na moto mnauvutia chini," fundi alisema, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Baridi ilikuwa inaporomoka kutoka juu ya tangi kupitia katikati ya maji ya moto, na sisi tukipokea mchanganyiko.

Alizima umeme kwenye meni swichi, akahakikisha kwa testa, akamwaga maji, akapishanisha hozi kwa hozi ndefu zaidi na kuhamishia valvu upande wa bluu. Hakurudisha umeme mpaka maji yalipotoka kwenye koki ya moto bila kukatakata, kwa sababu elementi, yaani kile chuma cha ndani kinachopasha maji, ikiwaka kwenye tangi lisilojaa huungua kwa dakika chache. Baada ya hapo nilirudia kipimo cha ndoo nikapata 58, 58, 57 na 54, na ndoo ya tano ndiyo iliyoshuka hadi 38. Hita ni ile ile, umeme ni ule ule, ila sasa watu watatu wanaoga mfululizo, wa nne na wa tano wakisubiri kidogo.

Jambo la kusubiri linahitaji maelezo, kwa kuwa hapo ndipo matarajio ya wanunuzi wengi yanapopotoka. Wati 1,500 ni nguvu ndogo ukilinganisha na maji yanayotoka. Wakati shawa inatiririsha lita 8 kwa dakika, elementi inaweza kuyaongezea maji hayo nyuzi zisizofika tatu, kwa hiyo kuiacha hita ikiwaka wakati wa kuoga hakukuokoi. Kupasha tangi zima kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunataka uniti 2.3 hivi za LUKU na muda wa saa moja na nusu na zaidi kidogo. Hiyo ni pale umeme unapokuwa umesimama kwenye volti 230. Mtaani kwetu jioni huteremka, na siku moja fundi umeme alisoma volti 195. Kwa kuwa nguvu ya elementi hupungua kwa mraba wa volti, hita ya wati 1,500 hapo inafanya kazi ya wati zisizofika 1,100, na ile saa moja na nusu inakuwa saa mbili na ushei. Anayewasha hita saa moja jioni ili aoge saa mbili atakuta maji ni vuguvugu, na hakuna fundi atakayeona ubovu wowote ndani yake. Sisi tunawasha alfajiri na mapema, wakati umeme una nguvu.

Kipupwe cha tatu maji ya moto yalianza tena kutotutosha, safari hii kwa namna nyingine. Joto halikuteremka hatua kwa hatua. Ndoo zote zilitoka vuguvugu tangu ya kwanza, na taa ya hita ilikuwa inazima upesi mno. Nilikaa nayo na saa mkononi: ilizima baada ya dakika 25. Wati 1,500 kwa dakika 25 haziwezi kuziongezea lita 50 zaidi ya nyuzi 11, kwa hiyo hata kabla ya kufungulia maji nilijua kwamba themostati, yaani kifaa kinachokata umeme maji yakifika joto lililowekwa, inakata kabla ya wakati. Kama kosa si la elementi, mtu anaweza kuhakikisha hata kwa mita ya LUKU, akizima vifaa vingine vyote na kuhesabu jinsi taa nyekundu inavyopepesa. Kwenye mita iliyoandikwa misukumo 1,000 kwa uniti, elementi nzima ya wati 1,500 hupepesa taa mara 25 kwa dakika. Yetu ilipepesa hivyo hivyo, kwa maana hiyo elementi ilikuwa nzima.

Maji yetu ya visima yana chumvi na chokaa nyingi, na yeyote mwenye birika la umeme hapa anayajua magamba yanayobaki chini yake. Fundi alipofungua sahani ya chini, yaani kifuniko cha chuma kinachoshikilia elementi, magamba meupe yalimwagika kwenye beseni kama maganda ya mayai yaliyopondwa, na elementi yenyewe ilikuwa imevishwa ukoko mpaka umbo lake halionekani. Ukoko huo ulikuwa umeufunika pia mfereji mwembamba wa chuma ambamo kijiti cha themostati hukaa, ukazuia joto lisisambae. Themostati ilihisi moto uliofungiwa pale pale ilipo, ikaamini tangi zima limechemka, ikakata. Elementi ililowekwa kwenye asidi ya sitriki hadi ikawa safi, tangi likasuuzwa, na mpira wa sahani ukabadilishwa, kwa kuwa wa zamani ukirudishwa mara nyingi huvuja. Fimbo ya magnesiamu, ambayo hujitoa iliwe na kutu badala ya tangi, ilikuwa imebaki waya mtupu katikati, nayo ikabadilishwa. Fundi alitaka kuuza themostati mpya pia, lakini ya zamani ilipimwa na kukutwa nzima.

Kuhusu hita yenyewe, ninaridhika nayo kwa mambo mawili makubwa. Povu lake la kuhifadhi joto ni zuri, kwani maji yaliyochemshwa usiku yanakuwa bado ya kuogea asubuhi, na tangi halijaonyesha kutu popote. Kinachoniudhi ni kwamba kitufe cha kurekebishia joto kimefichwa ndani ya kifuniko chenye nyaya za umeme, hivyo mtu wa nyumbani hawezi kukifikia kwa usalama. Kidude cha mbele kinachoonyesha joto hakiaminiki, kwani kilionyesha "moto" hata ndoo zilipotoka vuguvugu. Kijitabu chake hakina Kiswahili, na mchoro wa duara la bluu na jekundu, ambao ungetuepusha na usumbufu wote wa mwanzo, umewekwa ukurasa wa nyuma kwa herufi ndogo mno. Ningependa mtengenezaji aubandike kwenye hita yenyewe, hapo hapo kwenye nchabomba.

Joto tumeliweka nyuzi 60. Chini ya 50 bakteria wanaweza kustawi ndani ya tangi, na 60 inaweza kumwunguza mtoto kwa sekunde chache, kwa hiyo mikisa ya bafu la watoto huanza kufunguliwa na mtu mzima.

Kwa familia ya watu watatu hadi watano wanaokubali kupeana zamu, hita hii inatosha, na nyota nne kati ya tano naipa bila kusita. Nyumba ambayo watu wanaoga mabafu mawili kwa wakati mmoja, au yenye hodhi la kuogea ambalo mtu hujaza maji na kukaa ndani yake, ichukue ya lita 80 au 100. Na kwa wanaotumia maji ya chumvi kama yetu, sahani ya chini ifunguliwe na kusafishwa kila mwaka kabla ya mwezi wa sita.