Jino lililotibiwa mzizi: kofia au kuziba tu?

Kwa gego lililotibiwa mzizi, yaani lililosafishwa ndani hadi mizizini na kuzibwa, mimi nasimama upande wa kofia: kifuniko kigumu kinachovikwa jino zima kwa juu. Jino hilo limeshachimbwa katikati, kuta zake zimebaki nyembamba, na magego ndiyo yanayobeba kazi nzito ya kutafuna. Likipasuka hadi chini ya fizi, mara nyingi hubaki kung'olewa tu, na fedha yote ya kutibu mzizi inakuwa imepotea.

Kuziba ni nafuu na kwa kawaida humalizika siku hiyohiyo. Kofia hudai jino lisagwe pande zote, milimita 1 hadi 2 hivi, na kilichosagwa hakirudi. Ndiyo maana jino la mbele lenye tundu dogo mara nyingi halihitaji kuvishwa kofia. Hapo usikubali kuharakishwa: omba uoneshwe eksirei, uulize jino lenyewe limebaki kiasi gani.

Bei ikikushinda, ulizia kofia ya chuma. Haipendezi machoni, lakini kwenye meno ya nyuma inadumu, haihitaji kusaga sana, na mara nyingi ni rahisi kuliko ya kauri. Hakikisha pia kama bei uliyotajiwa inajumuisha matibabu ya mzizi.