Hedseti ya kuzima kelele kwenye Cessna 172: uzoefu wangu wa mwaka na ushei

Miaka minne ya mwanzo ya urubani wangu nilikuwa nikitua Malindi nikiwa nusu kiziwi. Nazima injini, propela inasimama, navua hedseti, na kichwani bado kuna mvumo kama wa friji kuukuu usiku wa manane. Mwenye teksi akiniuliza naenda wapi namjibu kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Nilidhani ndivyo urubani ulivyo, kama vile mvuvi anavyonuka samaki.

Mimi si rubani wa kazi. Nina leseni ya binafsi, nakodi ndege ndogo ya Cessna 172 pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na mwaka mzima nikijitahidi napata saa arobaini hivi. Safari yangu kubwa ni ya kwenda kwetu pwani: Wilson hadi Malindi, saa mbili na nusu kama upepo haujanuna, sehemu kubwa juu ya Tsavo ambako chini huoni ila udongo mwekundu na vichaka. Hedseti niliyoanza nayo ilikuwa ya kawaida, isiyo na betri wala saketi yoyote ya kuzima kelele. Ilikuwa imepita vichwa vya wanafunzi wengi kabla yangu, na sponji zake zilikuwa ngumu kama chapati ya juzi.

Kilichonifanya nifungue pochi ninunue ya kuzima kelele ni aibu, masikio yalikuja baadaye. Nilikuwa narudi kutoka pwani, mchana, wakati ndege za watalii aina ya Caravan zinapangana kuingia Wilson. Mnara wa kuongozea ndege ukaniambia mimi ni wa pili kutua, nifuate Caravan iliyo mbele yangu. Nikarudia maelekezo vizuri kabisa, isipokuwa nilisema mimi ni wa kwanza. Mwongozaji akanisahihisha polepole, neno kwa neno, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Nikaomba arudie tena. Hapakuwa na hatari, Caravan niliiona na nikaifuata, lakini nilipoegesha nilikaa ndani ya ndege dakika kadhaa bila kufungua mlango. Redio haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekuwa nimechoka, baada ya saa mbili na nusu za kuchuja maneno kutoka kwenye ngurumo.

Kelele ya ndege ndogo nayo si kelele moja. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, ni mara 40 kwa sekunde. Propela ina mapanga mawili, kwa hiyo hewa inapigwa mara 80 kila sekunde. Injini ya silinda nne ya aina hii nayo huwaka mara mbili kwa kila mzunguko, yaani tena mara 80. Vyote viwili vinaangukia kwenye mvumo uleule mzito wa chini, na huo ndio unaokuingia mpaka kwenye meno. Sponji na plastiki nene huzuia vizuri sauti za juu, kama mluzi wa upepo kwenye ukingo wa mlango. Mvumo wa chini hupenya kama unyevu ukutani.

Hapo ndipo hedseti hizi zinapofanya kazi yake. Ndani ya kikombe cha sikio mna maikrofoni ndogo inayousikiliza mvumo, na saketi inayotengeneza mvumo wa kinyume: wimbi la nje likipanda, la ndani linashuka, yanakutana yanalala. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni yenye jina lake, aliupata mpango huo mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege ya abiria kutoka Zurich kwenda Boston. Ndege ya Voyager ilipozunguka dunia bila kutua mwaka 1986, marubani wake wawili walivaa hedseti za majaribio za kampuni hiyo, na mwaka 1989 zikaanza kuuzwa kwa marubani. Leo watengenezaji ni wengi. Yangu ni ya chapa gani haidhuru, maana ninalolieleza utalikuta kwenye karibu zote za daraja hilo. Mpya hupita dola 1,000 kabla hujalipa usafiri na ushuru. Mimi niliinunua mtumba kwa rubani aliyekuwa anahama nchi, shilingi 70,000, nikabadilisha sponji.

Siku ya kwanza niliwasha injini hedseti ikiwa imezimwa, makusudi, kisha nikabonyeza swichi. Nilishtuka mpaka nikaangalia geji ya mizunguko, nikidhani injini inazimika. Ile ngurumo ilirudi nyuma, kama mtu aliyefunga mlango wa jikoni. Usitegemee ukimya, maana bado unasikia upepo, unasikia redio, unamsikia aliye pembeni. Kilichoondoka ni lile blanketi lililokuwa limefunika kila kitu. Mwongozaji aliponiita nilijikuta nanyoosha mkono kupunguza sauti ya redio. Tangu nianze kuruka sikuwahi kuipunguza, ilikuwa daima iko mwisho.

Jambo hilo la sauti ya redio ndilo ninalolihesabu kuliko yote. Hedseti ya kawaida inayobana sawasawa hulinda masikio, nisiidharau. Ila mimi ulinzi huo nilikuwa nauvunja kwa mkono wangu mwenyewe: mvumo ukinishinda napandisha sauti, naongeza kelele juu ya kelele. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mtu asizidishe desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka 3 muda ukatwe nusu. Zikifika 94 umebakiwa na saa moja. Wilson hadi Malindi nimeshakwambia ni saa ngapi.

Sasa natua, navua, na hakuna friji kichwani. Jioni napiga soga na wajomba barazani bila kuwauliza "eeh?" kila baada ya sentensi. Na ile nusu saa ya mwisho kabla ya kuingia Wilson, wakati kuna ndege kulia na kushoto na kila mtu anazungumza, nakuwa na akili niliyoondoka nayo asubuhi.

Kuna wasiwasi mmoja wa wazee wa fani ambao niliuchukua kwa uzito: je, hutaacha kuisikia ndege yenyewe? Nilipanda na mwalimu wangu wa zamani tukajaribu. Ile pembe ya Cessna 172, inayolia bawa linapokaribia kuishiwa nguvu ya kuibeba ndege, ina sauti ya juu, nami niliisikia. Lakini ilikuwa imefifia kidogo, kwa hiyo ni vizuri uijaribu na hedseti utakayoivaa kila siku. Kwenye kujaribu magneto, vile vifaa vinavyoipa injini cheche, kabla ya kuruka nimejifunza kutotegemea sikio hata kidogo, natazama geji ya mizunguko ishuke. Mtikisiko ni kitu kingine, huo unaupata kwenye kiti na kwenye usukani, na hakuna saketi inayouzima.

Kasoro zipo. Miwani ya jua yenye mikono minene inainua sponji, mvumo unaingia kupitia upenyo ule na saketi inahangaika bure. Nimenunua yenye mikono myembamba kama waya, tatizo limekwisha. Kwenye msukosuko wa hewa, kichwa kikigonga juu, husikika "dup" ya ajabu sikioni. Na kuna kile kisanduku cha betri na swichi kinachoning'inia kwenye waya. Siku moja kilidondoka katikati ya viti, waya ukajizungusha kwenye swichi ya kuchagua tangi la mafuta iliyo sakafuni. Haikusogea, lakini sikupenda kabisa. Sasa nakibana kwenye mkanda wa kiti kabla ya kuwasha injini.

Betri ni zile ndogo za AA, mbili. Ziliwahi kuniishia juu ya Tsavo na nilikuwa nimesahau za akiba. Mvumo ulirudi wote kwa mkupuo, nikajiuliza niliishije nao miaka minne. Redio na maikrofoni ziliendelea kufanya kazi, hedseti ikawa ya kawaida tu. Tangu siku hiyo betri nne hukaa kwenye begi pamoja na ramani.

Kama unaruka saa tano kwa mwaka kuzunguka uwanja tu, weka pesa yako kwenye mafuta. Kama bado unasoma, tumia ya chuo kwanza. Lakini kama una safari ya zaidi ya saa moja na unaifanya mara kwa mara, tafuta mtumba mzuri, na sponji ubadilishe hata kama muuzaji anaapa ni mpya.

Abiria nao wanafaidi, ila lazima uwe na ya pili. Mama yangu aliruka nami mara ya kwanza na hedseti ya kawaida, akatua Malindi amekunja uso. "Mwanangu, hiki chombo chavuma kama kinu cha kusagia mahindi. Hata dua zangu mwenyewe sizisikii." Agosti iliyopita nikamwazimia ya kuzima kelele. Kabla hatujaondoka Wilson akauliza yule bwana anayezungumza yuko wapi. Nikamwambia yuko mnarani. "Basi mpe salamu zangu." Tulipoipita Voi alikuwa amelala, mikono tumboni. Sasa intakomu ya ndege, ile inayotuunganisha wa ndani tuzungumze, hufunguka yenyewe ikisikia sauti, na mama anakoroma. Kila mkoromo uliniingia masikioni safi, bila ngurumo ya kuufunika, kwa dakika ishirini. Mwishowe nikanyoosha mkono taratibu, nikamgeuzia kipaza sauti chake juu ya paji la uso.