TAHADHARI: Anauza safari ya Kiwayu kwa simu, kisha anakupeleka kwingine

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mnaopanga kwenda Lamu likizo hii, tafadhali someni haya kabla hamjamtumia mtu hata shilingi.

Agosti tulitoka Mombasa watu wanane, wakubwa wanne na watoto wanne. Hamu yetu ilikuwa Kiwayu: kijiji cha wavuvi, fukwe tupu, matumbawe na kasa wa Hifadhi ya Bahari ya Kiunga. Binti yangu wa miaka saba alikuwa ameshika nguva tu, nguva tu. Mtandaoni nikapata kijana mwenye maneno laini. Boti ya injini 24,000 kwenda na kurudi, nusu itangulie, na juu yake 4,000 "za KWS", yaani ada ya hifadhi inayokwenda kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya. Nikatuma zote 16,000. Jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa lilikuwa la mwanamke. Nilipomuuliza akajibu, "Hiyo laini ya mamangu, dadangu, usitie shaka." Shaka nilikuwa nayo, na bado nikanyamaza.

Asubuhi gatini hakuja yeye. Alikuja mwingine na boti ndogo ya mbao isiyofanana kabisa na ile ya kwenye picha. Jaketi za kuokolea zilikuwa tatu, moja kamba zake zimekatika, na hakuna hata moja ya mtoto. Nikagomba. Akasema nyingine ziko kwa mwenzake Shela, tutazipitia. Shela iko kusini mwa mji; boti ikaelekea kaskazini, njia ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Nawaambia ukweli, nilimshika mdogo wangu wa mwisho mapajani safari nzima, mkono haukumwachia.

Tulipotoka Mkanda, ndipo akatangaza kwamba kusi ni kali, Kiwayu haiendeki leo, tutaishia kisiwa kidogo cha Manda Toto. Kusi huvuma miezi kadhaa, halikuzuka asubuhi ile! Nahodha mkweli angetuambia tangu tulipokuwa tukipatana bei. Manda Toto ni pazuri, sikatai, lakini ni karibu na haimo ndani ya Hifadhi ya Kiunga. Sasa zile 4,000 zilikuwa za nini?

Lililoniuma zaidi ni hili. Msaidizi wake alipiga mbizi akaibuka na kasa mdogo, akamlaza chali kwenye mbao za boti. Mapezi yakawa yanapiga mbao, pa, pa, pa, na shingo ameinyoosha. Akawaita watoto wapige naye picha, kila mmoja 500. Binti yangu akaangua kilio. Nilimwambia amrudishe majini sasa hivi, naye akasema, "Huyo hana neno, mama, kazoea." Kasa analindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, hakamatwi kwa ajili ya picha. Alimrudisha baada ya mume wangu kusimama.

Jioni niliutuma ule ujumbe wa malipo kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba malipo yarudishwe, zikawa zimeshatolewa.

Ada ya hifadhi hailipwi kwenye simu ya mtu. Inalipwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, unapata risiti yako, na Mkenya anaonyesha kitambulisho ili alipe kiwango cha mwananchi. Anayekwambia "nitumie mimi nitakulipia" mwambie akutumie risiti kwanza. Nenda ukaione boti kwa macho yako jioni ya kuamkia safari, uhesabu jaketi, na uulize za watoto. Tena muulize nahodha habari za maji. Mkanda maji yakipwa haupitiki vizuri, kwa hiyo anayeijua kazi hupanga saa ya kuondoka kwa kufuata maji. Huyu wangu alinipa "saa mbili kamili" bila hata kuuliza nakuja tarehe ngapi. Siku ya pili mwenye nyumba tuliyofikia alitukutanisha na mzee mmoja nahodha, naye swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwaondoka lini? Ngoja niangalie maji." Hakutaka amana.

Yule kijana ameshabadilisha namba. Picha anayoitumia ni ya boti nyeupe yenye mstari wa buluu ubavuni na turubai la manjano juu, imefungwa mbele ya mikoko. Nimeripoti Kituo cha Polisi Lamu na nimepewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Kama nawe alikuchukulia pesa, nenda ukaandikishe pale pale, na ujumbe wako wa malipo usiufute.