Vishikio vya bafuni nilivyofungiwa Ngamiani: uzoefu wangu

Nitoe hukumu mapema ili mwenye haraka asimalize bando lake. Kama una mzazi mtu mzima na nyumba yenu ni ya zamani, vifaa vya hawa watu nunua. Fundi wao asivuke kizingiti. Jina la duka naliacha, maana bado tunazungumzia pesa.

Bi mkubwa kashapita sabini, anakaa Ngamiani, hapa Tanga, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, na kuhama hataki kusikia. Kaka alimchukua Raskazone, akakaa siku chache akadai arudishwe: ati kule unaweza kushinda barazani mchana kutwa na mtu asikupe hata salamu. Sawa. Shida yake ni bafu la uani. Saruji imesuguliwa miaka na miaka hadi imekuwa laini, ikilowa inateleza kama bamia, na yeye anatumia dawa za presha, akiinuka ghafla kichwa kinazunguka. Usiku, na umeme ukikatika, ndiyo usiseme.

Nikaenda duka moja la vifaa tiba hapa mjini, Ramadhani ilikuwa inakaribia. Mwenye duka anajua kuuza, nimpe haki yake. Akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani linahesabu watu wapatao 684,000 wanaokufa kila mwaka kwa kuanguka, kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo ni kwenye nchi zenye kipato kama chetu, na kwamba wanaokufa zaidi ni waliovuka miaka 60. Nikatoka na kiti cha kuwekwa juu ya choo cha kuchuchumaa, gongo la miguu minne, na vishikio viwili vya chuma vya ukutani. Ufundi juu yao, kwa malipo ya ziada.

Sasa huyo fundi.

Kaingia na viatu vyake hadi ukumbini, kampita mama amekaa mkekani anachambua mchele. Shikamoo hakuna. Mtu umri wa mjukuu wake! Kaja moja kwa moja kwangu: "Mgonjwa mwenyewe ndiye huyu?" Mama akamjibu kwamba mgonjwa hayupo, aliyepo ni mwenye nyumba. Fundi akacheka, akaniuliza mimi bafu liko wapi.

Hakumuuliza akiingia anashika wapi, anaoga amekaa au amesimama, mkono upi una nguvu. Mama mkono wake wa kulia una baridi yabisi. Kishikio kimoja kikapigwa alama kulia.

Akawasha drili. Mara ya kwanza ikatoka vumbi la kijivu la lipu, kidogo tu. Kisha ukaanza kumwagika unga mwekundu, mwingi, ukashuka ukutani hadi sakafuni. Mama alikuwa kasimama mlangoni na gongo lake jipya. Akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, huo ukuta si tofali. Ndani ni fito na udongo, juu ndiyo tumepiga lipu. Hautashika." Yeye ndiye aliyeletewa mafundi wa kukandika nyumba ile akiwa bi harusi, anaijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Fundi hata hakugeuza shingo. Kanambia mimi: "Mwambie bibi asiwe na wasiwasi, hizi kazi tunazifanya kila siku."

Akasukumia vile vibomba vya plastiki kwenye matundu, akakaza skrubu fupi kama kidole changu cha mwisho, akavuta kidogo kwa mkono mmoja, akasema kimekaa. Akachukua hela, akaenda zake. Unga mwekundu katuachia tufagie wenyewe.

Kilidumu hata wiki? Sidhani. Mama kashika, uzito ukaingia, kishikio kikang'oka na kipande cha lipu upana wa sahani. Alhamdulillah aliangukia upande wa ndoo, mfupa haukuvunjika, ila kiwiko kilivimba na bega likamsumbua kwa muda. Lakini bega halikuniuma kama lililofuata: mama akaogopa bafu. Mtu aliyekuwa anaoga alfajiri kabla ya adhana, akawa anakaa na jasho hadi mjukuu arudi shule amsimamie mlangoni. Yaani kifaa cha kumwezesha kujitegemea ndicho kilichomnyang'anya kujitegemea.

Nikampigia mwenye duka. Nilitegemea pole. Jibu lake: "Dada, vile ni vya kushika. Wazee wengine huning'inia." Huning'inia! Nilikata simu, maana ningesema maneno ambayo hayaandikiki.

Hapo ningewapa sifuri na nikaishia hapo. Ila kusema kweli kile kiti cha choo ni mkombozi. Magoti ya mama yalikuwa yanalia kila akichuchumaa, sasa anakaa na kuinuka mwenyewe kwa kusukuma mikono ya kiti. Na gongo nalo, ukiacha raba moja ya mguuni iliyoanza kupasuka, linamfikisha hadi kibarazani kwa muuza kahawa, ambako ameanza tena kubishana siasa. Kwa hivyo vitu viwili ningewapa nyota nne. Halafu nakumbuka "huning'inia" na nyota zinanitoka mkononi.

Bafu tulilimaliza wenyewe. Fundi wa kuchomelea wa mtaani, hana cheti wala fulana ya kampuni, alianza kwa shikamoo, akamwomba mama amwonyeshe anavyoingia, anavyogeuka, anavyoinuka. Akasema ukuta tuuache kabisa. Kasimamisha bomba la chuma upande wa kushoto, chini kalizika kwenye zege, juu kalifunga kwa nati kwenye boriti. Kisha yeye mwenyewe akaling'ang'ania kwa mikono miwili, miguu juu, na kifua chake kile. Halikutikisika. Sakafu akatushauri tuichimbe mistari na kuimwagia saruji yenye mchanga wa chenga, isiteleze. Mama kachagua rangi, bomba ni la kijani.

Juzi duka wamemtuma msichana mmoja kuja kuangalia. Kavua viatu, kasalimu, kakaa na mama mkekani, kaomba radhi na kuahidi hela ya ufundi itarudi. Mama kampenda, kampa na mkate wa mofa. Mimi nimemwambia nangoja ujumbe wa simu kwamba pesa imeingia. Mpaka naandika hapa haijaingia, na lile tundu la ukutani nimelipia lipu mwenyewe. Raba ya gongo ikipasuka kabisa nitaenda kununua kwao, maana sijaiona kwingine. Nitaifunga mwenyewe.