Nilinunua gasketi mpya, wakanifungia ya zamani: Carina yangu na gereji niliyoiamini

Boksi la gasketi ya hedi, ile bamba nyembamba inayoziba kati ya injini na kichwa chake cha juu, ninalo hapa mezani. Gasketi yenyewe niliinunua kwa mkono wangu, Gerezani, Dar es Salaam, shilingi 85,000, nikarudi nayo Morogoro kwa treni nimeipakata safari nzima kwa kuogopa isije ikajikunja. Gereji walinirudishia boksi likiwa tupu. Waliliweka kwenye buti pamoja na risiti, na mwenye gereji akaniambia, "Mama, boksi lako hilo, tusije tukadaiana." Nikamshukuru. Nikatoa na elfu kumi ya soda kwa vijana wake. Kumbe gasketi iliyokuwa ndani ya boksi hili haikuwahi kugusa gari langu.

Gari ni Toyota Carina Ti, namba A, yaani namba za usajili za zamani ambazo herufi zake zinaanza na A. Tulilitoa bandarini mwaka 2008 na tangu siku hiyo liko kwangu. Sifa zake kila mtu anazijua, sina haja ya kuzirudia. Ninachotaka msomaji ajue ni kwamba kila mwisho wa mwezi linanipeleka Turiani kwa mama yangu, karibu kilomita 100, na kurudi na mchele. Miaka yote hiyo halijawahi kunilaza njiani kwa sababu ya injini. Tairi, ndiyo. Betri, ndiyo. Injini, hapana.

Tatizo lilianza dogo sana. Rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ilipata tundu, mshale wa joto ukapanda, nikasimama papo hapo na kuzima. Gereji wakalitazama wakasema gasketi ya hedi imeungua. Nikakubali. Hawa watu walikuwa wananitengenezea gari kwa miaka sita hivi, kwa nini nisiwaamini? Tukakubaliana: gasketi nitaleta mimi, wao watafungua hedi, yaani hicho kichwa cha injini, wataipeleka karakana ya mashine ikasawazishwe, kisha watafunga. Ufundi 350,000, kusawazisha hedi 120,000. Nikalipa nusu kabla na nusu siku ya kuchukua gari. Wiki nzima na ushee nilipanda bodaboda kwenda kazini, sikulalamika.

Siku ya kulichukua liliwaka vizuri, likatulia. Nikaendesha mjini siku kadhaa bila shida. Mwisho wa mwezi ulipofika nikaelekea Turiani. Masika yalikuwa yamekwisha, miwa imeanza kukatwa, malori ya Mtibwa yamejaa barabarani, nikawa nakwenda taratibu nyuma ya lori moja. Nimepita Mvomero kidogo, naona mshale unapanda. Nikajiambia ni macho. Haujatimia muda wa kusema chochote, mvuke ukatoka pembeni mwa boneti.

Nilikaa pale saa tatu na zaidi. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi akaniletea ndoo ya maji na kigoda, Mungu ambariki. Injini ilipopoa nikafungua mfuniko wa oili. Chini ya mfuniko kulikuwa na utando mzito, rangi ya chai ya maziwa, umeganda kama samli. Nikachovya kidole, nikakitazama. Anayejua gari anajua maana yake: maji yameingia kwenye oili. Kuvutwa kurudi Morogoro kulinigharimu 180,000. Mama yangu alikuwa ameshapika, akakaa na chakula chake mpaka usiku ananisubiri.

Kesho yake nikaenda gereji. Hapa ndipo pananichoma mpaka leo, kuliko hata hela.

Nilimsalimia mwenye gereji, akaitikia huku anatazama simu yake. Nikamweleza. Akasema bila kuinua macho, "Gari namba A hilo, mama. Ulitegemea nini?" Nikamwambia kwa adabu kabisa kwamba namba A hiyo hiyo ndiyo aliyoipokea na hela yangu akaichukua. Nikamuuliza hedi ilisawazishwa karakana gani, anitajie nikaulize. Hapo ndipo alipoinua uso. Akacheka, wateja wengine watatu wamekaa kwenye benchi wanasikia, akasema, "Mwalimu, wewe kashike chaki zako, spana tuachie sisi."

Nafundisha fizikia. Miaka 22 nafundisha fizikia. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha tatu na hizo chaki nikiwaeleza watoto kutanuka kwa metali, kwamba ukiipa alumini na chuma joto lile lile, alumini inatanuka karibu mara mbili. Injini ya Carina chini ni chuma, juu ni alumini, na gasketi imelala katikati ya vitu viwili ambavyo havitanuki sawa. Ikichemka, hedi ndiyo inayopinda. Ukiifunga bila kuisawazisha, hata ukiweka gasketi ya dhahabu itapitisha. Sikumuuliza swali lile kwa kubahatisha. Nilijua ninachouliza, na nadhani alijua kwamba najua, ndiyo maana akachagua kunidhalilisha mbele za watu.

Sikumjibu. Nililiondoa gari siku hiyo hiyo, likavutwa tena, hela nyingine, mpaka kwa mzee mmoja huko Kihonda anayefanyia kazi chini ya mwembe. Hana bango wala ofisi. Nilielekezwa na mwalimu mwenzangu. Nikamwambia, "Mzee wangu, usinitengenezee kitu bado. Nifungulie tu, nataka kuona kwa macho yangu." Akakubali, akaniambia nije Jumamosi, hafungui mpaka niwepo.

Hedi ilipotoka, mzee hakusema neno. Alinisogezea tu. Pembeni pote kulikuwa na silikoni nyekundu, imepakwa kwa kidole, alama za vidole zinaonekana. Katikati ya silinda ya pili na ya tatu gasketi imeungua nyeusi, mahali pengine imepauka na kuchanika, gasketi iliyokaa miaka mingi. Vipande vya silikoni vilikuwa vimeingia mpaka kwenye njia za maji, mzee akavitoa na koleo kimoja kimoja na kuvipanga juu ya kitambaa. Thamostati, kidude kinachodhibiti joto la maji ya injini, haikuwepo kabisa. Walikuwa wameitoa. Mzee akasema mafundi wengi wanaitoa wakidai nchi yetu ni ya joto haihitajiki, halafu injini haipati joto lake linalotakiwa na gari linakula mafuta, na mwenye gari halaumu mtu kwa sababu hajui.

Kisha akachukua rula ya chuma, akaisimamisha juu ya uso wa hedi, akaniambia niiname upande wa pili. Akamulika tochi ya simu. Mwanga ulipita chini ya rula, mstari mwembamba, kutoka katikati mpaka karibu na mwisho. Nilikaa nimeinama pale muda mrefu. Laki na elfu ishirini nililipa kwa ajili ya huo mstari usiwepo.

Siku chache baadaye usiku ikaingia simu, namba siijui. "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mmoja wa wale vijana uliotupa hela ya soda." Akaniambia hedi yangu haikutoka mlangoni pa gereji. Na gasketi yangu ilifungwa siku hiyo hiyo kwenye Corolla ya mteja mwingine, kwa sababu injini ni moja na huyo mteja alikuwa anasubiri. Akaniomba nisimtaje. Sitamtaja, na kwa ajili yake siitaji gereji wala mtaa wake, maana vijana wenyewe wako wachache na atajulikana. Wanaoishi Morogoro na kunifahamu waniulize ana kwa ana, nitawaambia.

Sasa nifanye nini na gari? Wiki zote hizi nawaza hilo.

Wanangu wanasema niuze. Dalali mmoja alikuja, akalizunguka mara mbili, akasema milioni moja na laki tatu kama lilivyo. Mwingine akaja wa skrepa, huyo anataka kulinunua kwa kilo. Aligonga mlango kwa ngumi kusikiliza unene wa bati na mimi nimesimama pale. Nikamwambia aondoke. Kwa kweli sikuweza kuvumilia.

Mwanangu wa kwanza, aliyeko Dar, anataka nichukue Toyota IST. Tumepiga hesabu pamoja. Gari likishapita miaka 8 tangu litengenezwe, TRA, mamlaka ya mapato, wanaongeza ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, na la miaka ya karibuni bei yake huko huko Japani siiwezi. Yaani nitoe akiba yangu yote ninunue gari jingine la zamani, ambalo historia yake siijui, wakati hili najua kila mkwaruzo wake. Halafu ananiambia, "Mama, siku hizi kuna SGR, treni ya umeme, gari la nini?" Kwa safari za Dar yuko sahihi. Tangu treni ianze mwaka 2024 mimi mwenyewe siendeshi tena kwenda Dar, nalipa 13,000, hata saa mbili hazifiki nimeshashuka. Lakini treni haifiki Turiani. Mama yangu ana miaka 81, na akiugua usiku nani atakwenda kumchukua, treni?

Kuna ya injini ya mtumba. Nimeulizia, zipo, lakini nayo ni kununua kitu kilichofungwa ukatumainia. Na kwenye kadi ya gari kuna namba ya injini, inabidi ukaanze safari za TRA kuirekebisha. Kuna pia ya kuliacha uani tu. Tangu ile ada ya mwaka ya magari ilipofutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, gari likikaa halinidai. Lakini kila asubuhi nikifungua dirisha nitaliona, na nitamsikia yule bwana na chaki zake.

Nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimeamua kuuza. Nilitaka kumalizia kwa kusema namba A zimekwisha muda wake, tukubali. Sasa nikisoma nilichoandika naona hakuna mahali gari limenikosea. Lilichemka kwa sababu ya tundu la rejeta, nikasimama, kazi ilikuwa ya siku tatu kwa fundi mwaminifu. Yaliyofuata yote yamefanywa na mikono ya watu. Niliuze kwa milioni moja kwa sababu mtu mwingine ameniibia? Hapana.

Na kuhusu gereji, nataka kuwa mkweli. Breki walizonifungia miaka mitatu hivi iliyopita zilikuwa kazi safi, na umeme wa taa walitengeneza vizuri kwa bei ya haki. Nilikuwa nataka kusema labda ni siku moja mbaya, labda ni fundi mmoja, mwenye gereji hakujua. Lakini boksi alinikabidhi yeye mwenyewe. Alilibeba likiwa tupu akijua gasketi iko wapi, akanitazama usoni, akasema tusije tukadaiana. Hizo breki sasa zinanitia wasiwasi, nimemwomba mzee azikague nazo. Msiende. Kama una gari lako pale, leo hii kaulize spea ulizonunua zimefungwa wapi, omba uoneshwe za zamani zilizotolewa. Na kama wewe ndiye mwenye ile Corolla, sina kinyongo nawe, ila ujue ulilipia gasketi ambayo ilishalipiwa, na hedi yako nayo sina hakika kama ilisawazishwa.

Hedi yangu iko karakana ya mashine tangu jana. Safari hii niliipeleka mwenyewe na mzee, tumeiona ikifungwa kwenye mashine. Wamesema wataipima kwanza. Ikionekana wakisawazisha itabaki nyembamba kupita kiasi, basi haifai, nitatafuta hedi nyingine au ndiyo itakuwa mwisho wa Carina, na hapo sitabishana tena na wanangu. Jibu wamesema Alhamisi.

Gasketi nyingine nimeshanunua, na thamostati. Ziko chumbani kwangu juu ya kabati, boksi halijafunguliwa. Mzee ameniambia bolti ziko 10, zinakazwa kwa zamu kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kwa spana yenye kipimo. Nimemwambia siku ya kufunga nitaomba ruhusa shuleni, nitakaa pale chini ya mwembe, na nitazihesabu zote kumi.